Anayeitikia yuko wapi? Eddie Vedder na kijana wa Alaska

Nyimbo mbili zinazonishika zaidi katika albamu ya kwanza ya Eddie Vedder akiwa nje ya bendi yake ya roki, Pearl Jam, hakuzitunga yeye. Zimekaa katikati, wa saba na wa nane, zinafuatana. Na ndizo ambazo ndani yake unamsikia mtu mwingine akifungua kinywa kuimba naye. Nimeisikiliza albamu hii miaka mingi, usiku na mchana, na kila nikifika hapo katikati nahisi mlango umefunguliwa.

Albamu inaitwa Into the Wild, jina lilelile la filamu ya Sean Penn ambayo nyimbo hizi zilitungiwa. Vyote viwili vilitoka Septemba 2007. Nyimbo ni kumi na moja na muda wake wote ni dakika 33 hivi, mfupi kuliko kipindi kimoja cha mpira. Vedder aliirekodi Seattle pamoja na mtayarishaji Adam Kasper, na sehemu kubwa ya ala alipiga mwenyewe: gitaa, besi, ngoma. Kwa mtu aliyekuwa amezoea kuimba mbele ya Pearl Jam, wanaume wanne wakivurumisha muziki nyuma yake, hilo ni jambo zito. Hapa hakuna wa kujificha nyuma yake. Ukisikia besi inakosa papara, ni yeye. Ukisikia ngoma inaingia kwa adabu, ni yeye pia.

Kwa asiyefuatilia roki, nieleze kidogo. Mwaka 1990 Vedder alikuwa San Diego, kijana wa zamu ya usiku kwenye kituo cha mafuta. Mpiga ngoma Jack Irons akamkabidhi kaseti yenye muziki mtupu, bila sauti, uliorekodiwa na vijana wa Seattle waliokuwa wamefiwa na mwimbaji wao wa zamani. Akaenda baharini kuteleza kwenye mawimbi, maneno yakamjia akiwa huko, akarudi kuyaimba juu ya ule muziki na kuirudisha kaseti kwa wenyewe. Wakamwita, na hiyo ndiyo ikawa Pearl Jam. Mwaka uliofuata wakatoa albamu iliyouzwa mamilioni ya nakala. Mimi hilo sijaacha kulitafakari: mtu huyu aliingia kwenye umaarufu kwa kuwajibu watu ambao hakuwa amewahi kukutana nao. Walipiga, akaitikia.

Sasa huyo akapewa kazi ya kuwa sauti ya mtu aliyekataa kuitikiwa na yeyote.

Kijana ni Christopher McCandless. Alimaliza Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta mwaka 1990, akatoa akiba yake ya dola 24,000 kwa shirika la Oxfam, akaondoka na gari lake bila kuwaaga wazazi. Gari akalitelekeza Arizona baada ya mafuriko, na noti zilizobaki akazichoma moto. Kwa karibu miaka miwili alizunguka Marekani: akashuka Mto Colorado kwa mtumbwi hadi Mexico, akafanya vibarua kwenye mashamba ya nafaka South Dakota, akalala jangwani California. Jina la ukoo akaliacha, akajiita Alexander Supertramp. Aprili 1992 akaingia nyika ya Alaska kwa njia iitwayo Stampede Trail, karibu na Healy, akiwa na bunduki ndogo na mfuko wa mchele wa kilo nne na nusu hivi. Aliishi ndani ya basi bovu namba 142, lililoachwa huko na wajenzi wa barabara miaka ya sitini. Julai akajaribu kutoka, akakuta Mto Teklanika, ambao Aprili ulivukika, umejaa maji ya theluji iliyoyeyuka. Akarudi kwenye basi. Agosti akafariki, na wawindaji walipomkuta mwezi uliofuata mwili wake ulikuwa na uzito wa kilo thelathini tu. Alikuwa na miaka 24.

Mwandishi Jon Krakauer alitoa kitabu juu ya kijana huyu mwaka 1996, na Penn akakisoma akataka mara moja kukifanya filamu. Akasubiri takriban miaka kumi mpaka familia ilipokubali. Hilo namheshimu nalo sana. Wapo wengi wangebadilisha majina wakaendelea na kazi.

Kwa nini Vedder, kati ya waimbaji wote? Walikwishafahamiana. Kwenye filamu ya mwaka 1995 ambayo Penn aliigiza mfungwa aliyehukumiwa kifo, Vedder aliimba pamoja na Nusrat Fateh Ali Khan, bingwa wa kawali, nyimbo za dini za Kisufi, kutoka Pakistan, na kama hujawahi kusikia sauti ile nzito ya Kimarekani ikipandiana na ile ya Nusrat, nakusihi uitafute. Baadaye akaimba tena kwa ajili ya filamu nyingine ya Penn. Lakini naamini kuna sababu iliyo chini zaidi ya urafiki, na iko kwenye majina.

Vedder alizaliwa Edward Louis Severson. Alikua akijua mume wa mama yake ndiye baba yake. Alipokuwa kijana akaelezwa kwamba sivyo: baba yake mzazi ni mwingine, mtu aliyewahi kumwona akidhani ni rafiki wa familia, na kwamba mtu huyo alikwishafariki. Akachukua jina la ukoo wa mama yake, na wimbo uliomtambulisha duniani ukatoka kwenye jeraha hilohilo. McCandless naye, akiwa bado kijana, alisafiri hadi California walikoishi zamani, akazungumza na majirani wa siku zile, akagundua kwamba yeye alipozaliwa baba yake alikuwa bado na mke wa kwanza, akiendesha nyumba mbili. Akarudi nyumbani na siri hiyo kifuani. Miaka minne baadaye hakuwa tena McCandless.

Vijana wawili waliofichwa habari za baba, wote wakatupa jina. Mmoja akapata bendi. Mwingine akapata basi bovu. Ndiyo maana Vedder anapoimba kwa nafsi ya kwanza, mimi nikienda na njia yangu, mimi nikiwaacha nyuma, simsikii mwigizaji. Anaimba kama mtu ambaye maisha yake yangeweza kupita kule.

Nyimbo za mwanzo ni fupi mno. Ule wa kwanza ni dakika moja na nusu hivi. Gitaa linaanza likiwa tayari liko mwendoni, sauti inaingia bila utangulizi, na ukisema sasa nimeuelewa, umekwisha. Wa pili ni vivyo hivyo. Kuna watu huulalamikia ufupi huu, husema ni vipande vya kujazia picha. Mimi nauona ndio ukweli wa safari yenyewe. Kijana yuko barabarani, anafika mahali, watu wanampenda, anaondoka kabla hawajamzoea. Kule South Dakota alipata mwajiri aliyemchukua kama ndugu. Kule California mzee mmoja mpweke alitaka kumfanya mjukuu wake rasmi, na yeye akamjibu kwamba watalizungumza akirudi kutoka Alaska. Kila wimbo unafanya vivyo hivyo kwa msikilizaji: unampenda, unaondoka.

Wimbo wa nne, Rise, ndio ninaoucheza nikiwa na kazi ya mikono. Una mchezo wa haraka wa ala ndogo ya nyuzi, sauti kali na nyepesi, na juu yake Vedder anaimba polepole kabisa. Kasi mbili tofauti zinakwenda pamoja bila kugombana. Baada yake unakuja Long Nights, na hapo sauti inashuka chini kabisa, pale ambapo kifua kinafanya kazi zaidi ya koo. Tangu ujana wake Vedder aliigwa sana kwa sauti hii nzito. Waigaji walichukua ule mngurumo. Kwenye wimbo huu hangurumi hata kidogo. Anakaa chini ya noti na kuibeba. Kisha kinapita kipande cha gitaa tupu cha dakika moja hivi, kilichopewa jina la mto ulioko hifadhi ya Yosemite, California. Hakina la kusema zaidi ya kwamba mtu ametulia.

Halafu unaingia wa saba.

Hard Sun ulitungwa na Gordon Peterson wa Canada, aliyejiita Indio, na ulitoka mwaka 1989 kwenye albamu yake. Ndio mrefu kati ya nyimbo zenye mwili kamili hapa, zaidi ya dakika tano. Baada ya vile vipande vifupi, urefu huo peke yake ni tukio: kwa mara ya kwanza mtu amekaa mahali. Ngoma zinapigwa kwa mkono mzito, mdundo uleule, hauongezi madoido. Ubeti wa kwanza Vedder yuko peke yake. Kinapofika kiitikio, nyuma yake inapanda sauti ya mwanamke, Corin Tucker wa bendi ya Sleater-Kinney. Corin ni mwimbaji mwenye sauti inayoweza kupasua ukuta, lakini hapa hampiti Vedder. Anasimama nyuma kidogo, kushoto kwa kusikia kwangu, na anashikilia. Kadiri wimbo unavyoendelea ndivyo anavyozidi kusogea. Mwishoni huwezi tena kuwaza kiitikio kile bila yeye.

Unaofuata ni Society, utunzi wa Jerry Hannan, mwimbaji wa kaskazini mwa California ambaye hajulikani sana duniani. Hannan mwenyewe yupo ndani ya rekodi hiyo, anapiga gitaa na kuimba nyuma. Ni wimbo wa mtu anayeiaga jamii, anayesema amechoshwa na tamaa ya kutaka zaidi na zaidi, na anaitakia jamii hiyo isipate upweke yeye akiondoka. Maneno ya kujitenga kabisa. Na yanaimbwa na watu wawili! Mtunzi amekaa pembeni ya mwimbaji, anamshika mkono kwenye maneno ya kuaga watu. Sijui kama walilipanga. Lakini ukisikiliza kwa makini, sauti ya Hannan inaingia hasa pale maneno yanapokuwa makali, na ukali unapungua, unageuka huzuni.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekulia kwenye nyumba ambako taarabu ya Black Star ilikuwa ikichezwa kila Ijumaa jioni, na masikio yangu yalifundwa mapema: mwimbaji anaweka ubeti, waitikiaji wanaupokea. Wimbo usiopokewa haujamaliza safari. Kawali ya Nusrat nayo ina mpango huohuo, kiongozi na kundi lake, wakipokezana mpaka watu wanainuka. Kwa hiyo labda nina upendeleo ninaposema albamu hii inapata damu pale anapotokea wa kuitikia. Ila sidhani ni upendeleo tu, kwa sababu kijana mwenyewe alifika hapohapo. Ndani ya lile basi, karibu na mwisho wake, alikuwa akisoma riwaya ya Boris Pasternak, na pembezoni mwa ukurasa akaandika kwa herufi kubwa kwamba furaha ni ya kweli pale tu unapoifurahia pamoja na wenzako. Baada ya miaka miwili ya kukimbia watu, hayo ndiyo aliyoyaona.

Hata safari ya mwisho hakuifanya kwa vitu vyake peke yake. Dereva aliyempa lifti hadi Stampede Trail alimwona hana vifaa, akajaribu kumshawishi arudi, na aliposhindwa akamwachia buti zake za mpira na chakula chake cha mchana. Basi alilolala lilikuwa na jiko na kitanda vilivyowekwa kwa ajili ya wajenzi wa barabara, na likaachwa pale liwasaidie wengine. Na chini kidogo ya pale aliposhindwa kuvuka mto kulikuwa na kikapu cha waya kilichofungwa na wapimaji wa maji, ambacho kingemvusha. Hakuwa na ramani nzuri, hakujua kipo. Nikifika hapa kwenye kisa chake huwa naumia. Mkono wa mtu ulikuwa jirani kabisa.

Mama yangu hajui Kiingereza na roki haimhusu. Siku moja nilikuwa nacheza wimbo wa mwisho, Guaranteed, gitaa moja na sauti moja, yeye anachambua mchele.

"Mwanangu, huyo anayeimba amefiwa?"

Nikamwambia hapana Mama, anamwimbia kijana aliyefia porini, ila anaimba kana kwamba ndiye yeye.

Akaendelea kuchambua. Baadaye akauliza: "Na mama yake huyo kijana yupo?"

Nikasema yupo.

"Basi huyo bwana angemwimbia mama."

Nimelibeba swali lile kila ninaposikiliza. Ni kweli, ndani ya albamu wazazi hawana sauti. Dada yake Christopher hana sauti, ingawa kwenye filamu yeye ndiye msimulizi, na mwaka 2014 aliandika kitabu chake akieleza ukatili waliokulia nao nyumbani. Penn aliigawa kazi: filamu iwabebe waliobaki, nyimbo zimbebe aliyeondoka. Kwenye sinema mpango huo unafanya kazi vizuri sana. Ukizisikiliza nyimbo peke yake, unabaki na upande mmoja, na upande huo ni mtamu, na utamu wake una hatari.

Hatari hiyo si nadharia. Baada ya kitabu, na zaidi baada ya filamu, vijana wa nchi nyingi walianza kulifuata basi namba 142. Wengi walilazimika kuokolewa. Wanawake wawili walikufa kwenye mto uleule, mmoja mwaka 2010, mwingine 2019. Juni 2020 Jeshi la Ulinzi la Alaska likalining'iniza basi chini ya helikopta ya Chinook na kuliondoa, na sasa liko chini ya uangalizi wa Jumba la Makumbusho la Kaskazini la Chuo Kikuu cha Alaska, mjini Fairbanks. Wenyeji wa Alaska wengi walimkasirikia McCandless tangu mwanzo, wakimwona kijana wa mjini aliyeidharau ardhi yao. Nawaelewa. Anayeishi kwenye baridi ile hawezi kufurahia kuona kifo cha njaa kikigeuzwa hija.

Lakini wanaoilaumu albamu nadhani wameisikiliza nusu. Anayeichukua kama mwaliko wa kwenda peke yako atakuwa ameruka wa saba na wa nane, na ameruka pia kinachofuata. Baada ya Society inakuja The Wolf, ambako hakuna neno hata moja, ni kilio kirefu cha koo. Baada yake End of the Road, wimbo mzito unaokwenda kwa kuburura miguu. Wale wawili waliokuwa wakiitikia wametoweka. Vedder yuko peke yake tena, ila sasa upweke hauna ule wepesi wa nyimbo za mwanzo. Mpangilio wa nyimbo peke yake unakwambia nini kimepotea.

Guaranteed ulimpa tuzo ya Golden Globe ya wimbo bora wa filamu, Januari 2008. Mwaka huo sherehe haikufanyika kwa sababu waandishi wa filamu walikuwa kwenye mgomo. Washindi walisomwa kwenye mkutano na wanahabari. Oscar hawakuuteua kabisa, jambo ambalo mpaka leo naliona ni uonevu. Ni utunzi wa utulivu mkubwa: vidole vinatembea kwenye nyuzi, sauti haipandi, na kijana anasema sheria zote alizijua, ila sheria hazikumjua yeye. Ukiuacha uendelee baada ya kwisha, kimya kinapita, kisha Vedder anaurudia wote midomo imefumbwa, anavumisha tu. Nilipoanza kuusikiliza nilidhani ni kiporo cha studio. Siku hizi ndiyo sehemu ninayoingojea, kwa sababu maneno yameondoka na wimbo umebaki wazi kwa yeyote anayetaka kuitikia. Mama huvumisha naye, bila kujua jina lake.

Tuzo ya Oscar ya mwaka ule ilikwenda kwa wimbo wa Glen Hansard na Markéta Irglová. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2011, Vedder alipotoa albamu yake ya pili ya peke yake, nyimbo za ukulele, Hansard alikuwemo ndani akiimba naye, kisha akasafiri naye kwenye maonyesho. Na mwaka 2021 Sean Penn alipotengeneza Flag Day, filamu ya binti na baba yake mwongo, alimwita tena Vedder. Safari hii Vedder hakubeba mzigo wote. Hansard yumo, mwimbaji Cat Power yumo, na kuna wimbo unaoitwa My Father's Daughter ambao aliuachia sauti changa ya kike iuimbe. Sauti hiyo ni ya Olivia Vedder, bintiye.